Karatasi ya Mguu wa Ezell

Chicago, 9 Februari 1947

Mpwa wangu Ezell,

Kabla hujaendelea kusoma, keti vizuri, na umwambie Mama, bibi yako, naye aketi, maana anayekuandikia si mtu wa mchezo. Mji huu wa Chicago, wote jinsi ulivyo, hauli nyama mpaka mjomba wako Cleophus Battle aamke. Nikichelewa kitandani kiwanda kinasimama, magari ya nyama yanasimama, na matajiri wanakula mkate mtupu. Meneja mwenyewe aliniambia, "Battle, ukiumwa wewe, tunafunga." Ndiyo sababu sithubutu kuumwa.

Natumaini barua hii itawakuta salama wewe na Baba na Mama, na kuku wote, na yule nyumbu Jaji kama bado yu hai na bado ana kiburi. Mimi ni mzima sana. Baridi ya huku ni kali lakini inanijua, hainigusi. Juzi mtu mmoja alitema mate, yakaganda kabla hayajafika chini, yakamvunja kidole cha mguu. Niliona kwa macho haya.

Chumba changu ni kizuri, kina dirisha. Jirani wa upande wa pili wa ukuta ana redio, basi nami nina redio bila kununua. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda stesheni kuikagua treni inayotoka kwetu Kusini. Hakuna aliyenituma, ila mtu wa cheo changu lazima ahakikishe imefika vizuri. Naitazama mpaka abiria wa mwisho ashuke, ndipo narudi chumbani.

Sasa neno lenyewe. Umeandika kwamba Pasaka hii mchungaji amekupa shairi refu la kusema mbele ya watu, na huna viatu. Mtoto wa dada yangu Ozella, Mungu amrehemu, hatasimama mbele ya kanisa la Mlima Nebo na miguu mitupu mimi nikiwa hai! Na huku hatununui viatu kama huko. Huku mtu mweusi anaingia dukani kwa mlango wa mbele, anaketi kwenye kiti cha ngozi, na mzungu anapiga magoti. Anapiga magoti, Ezell! Anamvua kiatu cha zamani, anamvisha kipya, anauliza, "Kinakubana, bwana?" Mimi wananipigia magoti mpaka naona haya.

Ila mguu wako uko huko na mimi niko huku. Basi mwambie Baba akuchoree kwenye karatasi, kama anavyochora siku zote akienda dukani kwa Pruitt, na unitumie. Viatu utavipata kabla ya Pasaka. Neno langu ni chuma.

Mjomba wako,
Cleophus Battle, Nguzo ya Chicago


Shady Fork, Georgia, 2 Machi 1947

Kwa Mjomba Cleophus,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, isipokuwa Babu Mance anakohoa. Anasema ni vumbi, lakini mvua imenyesha wiki nzima na vumbi hakuna. Bibi Vashti anakusalimu sana. Nilimsomea barua yako akiwa anapiga pasi. Nilipofika kwenye habari ya mate aliweka pasi chini akasema, "Mwongo huyo! Alianza tumboni, miezi tisa ananidanganya kuwa ni msichana." Kisha akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena, naye akakutukana tena, na pasi ikapoa.

Jaji yu hai. Alimpiga teke Shemasi Goss akakataa kuomba radhi. Shule yetu imefungwa mpaka pamba ipandwe. Jirani zetu akina Sims wamehamia Detroit wote, hata mbwa. Nilikuwa nikicheza na Junius Sims. Sasa nacheza na Jaji, lakini hapendi kushindwa. Wakati mwingine nakwenda kukaa kwenye baraza la nyumba yao. Mlango haukufungwa vizuri, unagonga gonga kama kuna mtu.

Karatasi ya mguu imo humu ndani. Babu alipasua mfuko wa unga, akanisimamisha juu yake, akazungusha penseli polepole. Anasema maneno yale yale kila mwaka: "Kanyaga kwa uzito wako wote, mwanangu, maana dukani hatutajaribu." Wewe mwenyewe unajua kwamba kwa Bwana Pruitt mguu wetu sisi weusi hauingii kwenye kiatu ambacho hakijalipiwa, na kikilipiwa hakirudishwi.

Mjomba, nina swali. Kila Jumapili ya pili ya Agosti, ile Siku ya Kurudi Nyumbani, watu wanatoka Detroit na Cleveland na kila mahali, wanakula kwenye meza ndefu nje ya kanisa. Bibi huweka sahani yako. Kuku, kunde, mkate wa mahindi, pai ya viazi vitamu. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Jioni inamwagwa kwa nguruwe. Kwa nini huji? Mimi nakukumbuka mgongo tu, na koti. Nilimuuliza Babu kwa nini uliondoka, akachukua ndoo akaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa.

Wako mtiifu,
Ezell Tolbert


Chicago, 20 Aprili 1947

Mpwa wangu Ezell,

Salamu nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na nywele ninazo, usisikilize maneno ya watu. Mwambie Mama nimeusikia huo utani wake wa tumboni, na kwamba mtoto msichana ndiye aliyekuwa akimtaka, mimi nilimheshimu tu mpaka dakika ya mwisho. Kikohozi cha Baba kinataka mafuta ya taa matone machache na sukari. Hapa nilimpa daktari mmoja dawa hiyo na sasa anaiandikia wagonjwa wake kama yake.

Najua Pasaka imepita. Usifikiri nilisahau. Wiki ile ng'ombe dume mmoja alikata kamba kiwandani, mkubwa kama kanisa la Mlima Nebo, akatoka nje akashika njia ya benki. Polisi walikimbia. Nikaitwa mimi. Nilimtazama machoni, nikamwambia kwa sauti ya Baba, "Rudi ndani," akarudi huku akilia. Sasa mambo kama hayo yakitokea mtu anapata wapi nafasi ya kwenda dukani? Lakini karatasi yako ninayo. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Mtu akiingia nitamwambia, huo ni mguu wa mpwa wangu. Bado hajaingia mtu, lakini akiingia.

Umeuliza kwa nini niliondoka. Niliondoka kwa sababu Chicago iliniita. Na Agosti nitakuja! Mwambie Mama safari hii asiwape nguruwe chakula changu. Nitakuja kwa gari langu la kijani, refu kiasi kwamba mbele litakuwa limefika Shady Fork na nyuma bado liko Tennessee.

Mjomba wako,
Cleophus Battle


Shady Fork, 18 Mei 1947

Kwa Mjomba Cleophus,

Tunakusalimu. Bibi amefurahi sana kuhusu Agosti. Alicheka, kisha akatoka nje akahesabu kuku kwa macho.

Pasaka nilisema shairi langu. Nilivaa viatu vya Babu vilivyojazwa pamba. Nilipokuwa natembea kwenda mbele Shemasi Goss alisema kwa sauti, "Naona viatu vimeshafika, wewe utafika lini?" Kanisa zima likacheka, hata mchungaji. Nilisahau ubeti wa mwisho kwa sababu nilikuwa navishika kwa vidole vya miguu visinitoke. Dada Eulalie wa kanisani akasema, "Sema, mtoto, sema, Yesu anakungoja." Nikaketi.

Babu naye alicheka kanisani. Nyumbani hakucheka. Alikuwa anatoa pamba kwenye viatu vyake, akasema, "Mjomba wako alikaa kwenye kiti."

Nikasema, "Kiti gani, Babu?"

"Kiti cha Pruitt. Aliingia pale mchana, watu wanaona. Akaketi, akavua kiatu, akaingiza mguu kwenye kiatu kipya cha kahawia. Akasema anataka kujua kama kinambana, basi. Pruitt akatoka nje kuita wazungu wenzake. Mimi nikamwambia kijana wangu apande treni kabla jua halijachomoza."

Aliendelea kutoa pamba mpaka ikaisha, kisha akawa anaingiza vidole tu. Akasema, "Nilimwambia aende. Sikumwambia asirudi."

Mjomba, ni kweli ulikaa? Ulikuwa unaogopa?

Bwana Pruitt alikufa wakati wa Krismasi. Duka sasa ni la mkwewe, ametoka kaunti nyingine, hakujui. Babu hakusema nikuandikie hivyo. Ila alilisema jambo hilo zaidi ya mara moja, akiona nina penseli mkononi. Siku hizi hatoki kitandani mpaka jua lipate joto. Hasemi kwamba anataka kukuona. Amenituma tu nifagie chumba chako.

Wako mtiifu,
Ezell


Chicago, 29 Juni 1947

Mpwa wangu Ezell,

Salamu kwa wote. Joto la huku sasa limezidi, watu wanakaanga mayai kwenye paa la gari langu, nimewakataza. Jirani mwenye redio amehama, na chumba chake bado kitupu. Hata hivyo ni vizuri, mtu wa kazi za akili anahitaji utulivu.

Viatu hivyo hapo! Vimo kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Nusa ngozi. Ungeona shughuli ya siku hiyo. Niliingia dukani, wauzaji wakagombana nani anihudumie. Mkubwa wao akanisukuma taratibu kwenye kiti, akapiga magoti, akasema, "Bwana Battle, tumesikia habari za yule ng'ombe." Nikampa karatasi yako, akaishika kwa mikono miwili kama hati ya mfalme.

Barua yako niliipokea, lakini ukurasa wa pili ulilowa njiani na sikuweza kuusoma. Kama uliuliza jambo, bahati mbaya.

Kuhusu Agosti tutaona. Kiwanda kinanilalamikia tangu sasa. Gari nalo lina kelele kidogo kwenye gurudumu. Tutaona.

Mjomba wako,
C. Battle


Shady Fork, 13 Julai 1947

Kwa Mjomba Cleophus,

Asante sana kwa viatu. Ni vizuri kuliko viatu vyote nilivyopata kuona. Bibi amevifunga kwenye foronya visione jua. Sijavitia vumbi hata kidogo.

Pole kwa ukurasa uliolowa. Huku mvua haijanyesha tangu Mei, nadhani ulilowa huko kwenu.

Nataka kukuambia jambo, na usikasirike. Nilipokuwa nasoma barua yako Babu alikuwa kitandani, macho amefumba. Nilipomaliza habari za wauzaji akauliza, "Na Agosti? Amesemaje Agosti?" Niliangalia pale ulipoandika tutaona. Nikafungua mdomo nikasoma, "Mwambie Baba nakuja kwa treni ya Jumamosi, na Jumapili tutakwenda kanisani pamoja, nami nitamshika mkono kwenye ngazi." Sijui yalitoka wapi. Yalitoka kwa sauti yako kabisa. Babu akafumbua macho akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Bibi alikuwa mlangoni. Hajui kusoma, lakini aliniangalia kama anajua.

Sasa Babu anakula. Jana alikaa nje.

Mjomba, tafadhali, lifanye liwe kweli.

Ezell


Shady Fork, 17 Agosti 1947

Kwa Mjomba Cleophus,

Hatujapata barua kutoka kwako, basi sijui kama u mzima. Natumaini u mzima.

Jumapili iliyopita ilikuwa Siku ya Kurudi Nyumbani. Jumamosi nilikwenda stesheni na Jaji na gari lake. Treni ilisimama, akashuka mama mmoja na watoto, nikawasaidia mizigo. Niliporudi peke yangu Babu alisema, "Treni huchelewa. Atakuwa kwenye ya kesho."

Asubuhi akataka suti yake. Imekuwa kubwa. Tulimpeleka kanisani kwenye gari la nyumbu, amelazwa juu ya godoro, akakataa kuingia nalo uwanjani, akashuka akatembea. Kwenye ngazi nilimshika mkono mimi. Wakati wa chakula alitaka kiti chake kielekezwe barabarani. Bibi akaweka sahani yako karibu naye. Kila vumbi likipanda anainua kichwa. Mara likaja gari la kijani kweli! Babu akasimama bila kushikwa. Alikuwa mtoto wa Dada Eulalie kutoka Cleveland. Shemasi Goss akasema, "Mance, Cleophus anakuja na gari lake, ila mbele yake bado iko Chicago." Hakuna aliyecheka. Shemasi mwenyewe alikuja baadaye akakaa karibu na Babu, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo.

Jioni Bibi alichukua sahani yako. Babu akasema, "Iache." Iko kabatini mpaka leo, imefunikwa na kitambaa.

Siku hiyo nilikuwa miguu mitupu, na Babu akaniuliza viatu viko wapi. Ndipo nikasema ukweli. Havikuniingia, Mjomba. Hata siku ya kwanza havikuniingia. Babu alichora mwezi wa tatu na vilikuja mwezi wa saba, na mguu haukungoja. Sikutaka kukuambia. Vimo kwenye foronya, vipya kabisa.

Babu akataka mfuko wa unga na penseli. Alinichora akiwa amekaa kitandani, mimi nimesimama kwenye kiti. Karatasi imo humu. Mstari umepinda pale kisiginoni, mguu wangu haujapinda hivyo, ni mkono wake. Alisema, "Kanyaga kwa uzito wako wote." Hakumaliza.

Hali chakula tena. Nilimwambia kwamba yale ya treni niliyasema mimi, si wewe. Akasema alijua. Akasema, "Lakini ulisoma vizuri."

Ezell


Chicago, 7 Septemba 1947

Ezell, mpwa wangu,

Natumaini barua hii itamkuta Baba. Nimeanza hapo kwa sababu siwezi kuanza pengine.

Nimepata ruhusa kazini. Nilidhani watakataa, na nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini msimamizi alisema sawa bila kuinua kichwa. Chicago itajitahidi kula bila mimi. Nitashuka Jumamosi ya tarehe ishirini, kwa treni. Hakuna gari. Rangi ya kijani niliichagua, gari lenyewe sikuwahi kulipata. Baba usimwambie lolote mpaka uniangalie kwa macho yako nikiwa nimeshuka, nimesimama chini, na treni imeondoka. Ameshaangalia barabara ya kutosha.

Siku ile uliyokuja na Jaji, mimi asubuhi ya jana yake nilikuwa stesheni ya huku. Nilikuwa nimevaa, nina tikiti na sanduku. Walipoita watu wa Kusini nilibaki kwenye benchi. Nilijiambia nakagua. Treni ilipoondoka nikakagua na reli. Uliuliza kama niliogopa siku ile ya kiti. Siku ile sikuogopa hata kidogo, ndiyo maana nilikaa. Hofu ilinikuta nimeshafika huku, ikanunua kitanda ikalala nami.

Hapa chini usimsomee Mama. Akiuliza, mwambie karatasi ililowa, atajua.

Ile habari ya kupigiwa magoti. Hufanyika kweli, nimeiona kupitia dirishani, watu weusi kama sisi wameketi, na muuzaji yuko chini. Lakini mimi sijawahi kuketi. Nilipokwenda kununua vyako yule kijana alisema, "Karibu, keti, bwana." Alisema kwa adabu kabisa. Miguu ilikataa. Nilisimama karibu na mlango, nikatoa karatasi ya mguu wako, na karatasi yangu pia. Akazitazama kama mtu aliyepewa pesa za nchi nyingine. Wateja waligeuka. Nikasema, "Nipe tu vinavyolingana na hizi," nikalipa, nikatoka upesi.

Vyako safari hii nitaleta vikubwa. Mguu hautavizidi kabla sijafika.

Lakini hivi vyangu, Ezell. Karatasi yangu nilijichorea mwenyewe, maana huku sina mtu wa kunichorea. Na mtu akiinama kujichora, uzito unahama, na penseli inaingia chini ya mguu. Nimejaribu kila mwaka na kila mwaka mguu unatoka mdogo. Basi nakuomba uje stesheni na Jaji na gari, usiniache nitembee njia ile yote mbele za watu. Na uniletee vile viatu vya Baba, vya Pasaka. Pamba najua Baba ameshaitoa. Hivi vyangu vinanibana. Vimenibana tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mjomba wako,
Cleophus